Neno la Shukrani Lililobomoa Choo

Jamani, mimi huu mkasa nilikuwa nimeapa kufa nao, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima hapa Kasulu unaujua, na Busunzu nzima inaujua, na hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili wananiita Mita Kumi nikigeuka kuandika ubaoni (wanadhani sisikii), naona bora niueleze mwenyewe kuliko kuendelea kusimuliwa na Mzee Bilali mwenye duka, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi, na siku hizi kwenye simulizi lake nimeshafika hatua ya kuvaa taulo. Sikuvaa taulo. Nilivaa bukta, na ilikuwa imechanika kidogo tu.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, nililetwa huku na barua ya ajira kufundisha Jiografia, na ndani ya Jiografia kuna mada ya kusoma ramani, kipimo cha ramani, umbali na mambo kama hayo. Naomba mlikumbuke hilo maana ndilo linaloniuma zaidi. Nikaoa hukuhuku, mke wangu Editha, muuguzi, zamu zake ziko Kabanga, kwao ni Busunzu kule Kibondo.

Sasa mama yake Editha, Bibi Stefania, hakuwa amewahi kukanyaga kwangu tangu nimuoe mwanawe. Si kwamba alinichukia. Wakati tunaoana nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, choo kimoja, asubuhi kila mtu na ndoo yake mkononi anasubiri zamu, na habari hiyo ilipomfikia Busunzu akatuma neno kupitia kwa binti yake kwamba yeye na uzee wake hawezi kupanga foleni ya choo nyuma ya mkwe wake. Na hata kwetu Tanga mama mkwe ni mtu wa kumpisha njia, lakini kwa Waha, watu wa kwao Editha, nilikuta heshima ya daraja jingine, humpi mkono, huli naye, humkazii macho, na mkiwa na la kuzungumza mnalipitishia kwa Editha hata kama mmekaa hatua chache. "Siku nitakayosikia mwanangu ana choo chake," alisema, "ndiyo siku nitakuja kumpakata mjukuu wangu." Mjukuu mwenyewe tumempa jina lake, Stefania, tunamwita Stefa, na bibi alikuwa amemwona mara moja tu, tulipompeleka Krismasi.

Kwa hiyo mtaelewa kwamba mimi sikujenga nyumba yenye choo, nilijenga choo chenye nyumba. Nilinunua kiwanja kilichopimwa, nikachorewa ramani, nikaomba kibali cha ujenzi halmashauri kwa njia zote zinazotakiwa, na kilipotoka nikakiweka kwenye fremu na kukitundika sebuleni juu ya televisheni, mgeni akiingia anasalimiana nacho kwanza. Choo cha mama mkwe nikakiweka nje, upande wa barabarani (fundi alisema kiwe huko ili gari la kunyonya majitaka likija mpira wake ufike), tofali za kuchoma, marumaru ukutani, mlango wenye komeo la ndani, na cha kukaa, kwa sababu ya magoti yake. Editha alipokiona kimekamilika alilia. Akampigia mama yake simu palepale, na bibi akasema atakuja mwisho wa mwezi, mahindi yakishaingia ndani.

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa mkwe bora Kigoma nzima.

Katikati ya mwezi ukaitwa mkutano wa mtaa. Barabara yetu, ambayo ni ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika, ilikuwa itachongwa, na halmashauri ikamtuma Afisa Mipango Miji, dada mmoja kijana anaitwa Bi Joyce, aje atufafanulie maneno ambayo watu walikuwa wanayasikia tu na kuyaogopa. Na yule dada alijua kueleza, sitaki kumsingizia. Alieleza kibali cha ujenzi ni nini na kwa nini unakiomba kabla ya kuchimba msingi, si baada. Alieleza matumizi ya kiwanja, kwamba kiwanja cha makazi huwezi kuamka asubuhi ukaweka mashine ya kusaga. Alieleza zuio la ujenzi, ile rangi nyekundu ukutani, kwamba ni amri ya kusimama mpaka mzungumze, watu wasikimbie wala wasiifute kwa matope. Halafu akafika kwenye hifadhi ya barabara.

"Hii ni ile ardhi ya barabara ambayo hairuhusiwi kujengwa," akasema. "Kwa barabara yenu hii, hifadhi ni mita kumi. Atakayekuwa ndani ya hifadhi atapewa notisi, na anayebomoa mwenyewe anaokoa vifaa vyake. Sasa, namna ya kuipima..."

Hapo ngurumo ikapiga upande wa milimani, watu wakatazama juu, na mwenyekiti wa mtaa akanikonyeza.

Niwaeleze kuhusu kule kukonyezwa. Huku kwetu mgeni hawezi kuja, akasema, akaondoka hivihivi. Lazima mtu ainuke atoe neno la shukrani kwa niaba ya wananchi, na katika mtaa wetu mtu huyo ni mimi. Nimeshukuru wauguzi wa chanjo, mabwana shamba, watu wa maji, hata jamaa aliyekuja kuuza sufuria nilimshukuru kwa niaba ya wananchi. Sauti ninayo, Kiswahili cha Tanga kinanisaidia, na nikichomekea maneno mawili matatu ya Kiha ninavyoyavunjavunja, kina mama wanapiga vigelegele. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaiandaa ile shukrani kichwani tangu dada yuko kwenye kibali cha ujenzi, na mvua ilikuwa inakuja kunidhulumu. Basi nikainuka.

"Kabla afisa wetu mpendwa hajalowa," nikasema, "naomba nimkatize kwa heshima." Watu wakapiga makofi. Dada wa watu kidole chake bado kiko hewani, ameshafungua mdomo aeleze namna ya kupima, akakishusha taratibu. Nikaishukuru serikali, nikaishukuru halmashauri, nikawashukuru wazazi wa Bi Joyce kwa kumsomesha, nikaishukuru barabara yenyewe kwa uvumilivu wake miaka yote hii tunaikanyaga, na nilipofika kwenye kuwashukuru waliotuazima viti mvua ikashuka kama imesukumwa, kila mtu akaweka kiti chake kichwani, Bi Joyce akarukia pikipiki, na mkutano ukawa umekwisha.

Tukajibanza barazani kwa Mzee Bilali watu kama nusu ya mtaa. Ndipo Mama Zawadi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama anayetulelea Stefa siku ambazo Editha yuko zamu, akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, hizo mita kumi zinapimwaje?"

Jibu la haki lilikuwa neno moja: sijui. Lakini mtu uliyemaliza kushangiliwa sasa hivi, bado umelowa makofi, utasemaje hujui? Nikakohoa nikasema, "Mama Zawadi, hilo jambo dogo. Kesho nitakuja na futikamba niwapimie wote."

Na kweli, kesho yake nikatoka na futikamba ya shule. Nikasimama ukingoni mwa barabara, pale kwenye mtaro, nikashika mwanzo wa kamba, nikaivuta mita kumi kuelekea kwenye nyumba zetu. Kamba ikapita choo cha mama mkwe, ikakipita kabisa, ikaja kusimama karibu na dirisha la sebule. Kwa Mama Zawadi ikala jiko lake la nje, jiko jipya, alilolijenga kwa jasho la kuuza mihogo na maharage. Kwa Mzee Bilali ikala baraza nzima ya duka, ile tuliyojibanza jana yake.

Mzee Bilali ni mtu wa Ujiji, ana miaka mingi hapa, hasemi upesi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake anaifuata ile kamba kwa macho. "Mwalimu wangu," akasema, "mita kumi huku kwetu, na ng'ambo kule mita kumi nyingine, na barabara yenyewe katikati. Hiyo ni barabara, au Kasulu tunaletewa uwanja wa ndege?"

"Mzee wangu," nikamjibu, "mipango miji inaangalia mbele."

(Inaangalia mbele! Mpaka leo akinipimia sukari ananiuliza kama kilo moja inaangalia mbele.)

Editha jioni aliniambia, tena kwa upole, "Baba Stefa, si ungempigia yule dada umuulize kwanza?" Nikamwambia, "Mke wangu, mimi nafundisha ramani." Akanyamaza. Mke akinyamaza namna ile, ndugu zangu, chukueni simu mpige.

Siku mbili tatu baadaye greda likaonekana limeegeshwa kwenye njia panda. Lilikuwa limeegeshwa tu, dereva hayupo, lakini mtaa ukashikwa na homa, na wote wakaja kwangu, na mimi nikasema kwa sauti ile ya mikutanoni, "Anayebomoa mwenyewe anaokoa vifaa vyake." Hesabu yangu ilikuwa kwamba nikikibomoa choo Jumamosi, nitaokoa marumaru, mlango na sinki la kukalia, nitakijenga upya nyuma ya nyumba, na mama mkwe akija mwisho wa mwezi atakikuta kimesimama na hatajua kilichopita.

Jumamosi Editha akaenda zamu Kabanga. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nyundo na tindo. Mama Zawadi alimshikisha mtoto wake mkubwa Stefa, akaanza kung'oa tofali za jiko lake moja moja, anazipanga pembeni. Nilipita kumtia moyo nikamwona anafuta macho kwa upindo wa kitenge, nikajidanganya ni vumbi. Mzee Bilali alisimama akitazama vijana wanateremsha bati za baraza yake na akawa ananitupia jicho kila baada ya bati. Mimi kwangu nilianza na paa, nikaja kwenye mlango, nikaangusha kuta tatu, na mchana ulipofika nilikuwa nimebaki na kazi moja ya adabu, kuling'oa sinki bila kulivunja. Nikalichokonoa kuzunguka saruji nusu saa nzima, likaachia. Nikalinyanyua, nikalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, bukta imechanika, kichwani nimejaa vumbi jekundu, nikageuka.

Basi lilikuwa limesimama mbele yangu.

Nitaeleza haraka kwa sababu bado inauma. Kwaya ya kanisa la kina mama mkwe ilikuwa imealikwa kuimba Kabanga Jumapili, basi limekodiwa kutoka Kibondo, na mama mkwe akaona lifti hiyo haitajirudia, mahindi yatamsubiri, akapanda bila kupiga simu ili atufurahishe. Na njia nzima, nilikuja kuambiwa baadaye na mwalimu wa kwaya, aliwasimulia kuhusu choo cha mkwe wake. Marumaru ukutani. Komeo la ndani. Cha kukaa. Dereva alipotaka kusimama njiani watu wajisaidie vichakani, mama mkwe alikataa, akasema, "Vumilieni, tunafika kwa mukwe wanje, mtajisaidia kama watu," yaani kwa mkwe wangu, ndiye mimi.

Wakavumilia. Wakateremka kwenye basi wameshavaa sare, mama mkwe mbele na fimbo yake na kikapu cha maharage, kwaya nyuma yake, na kwa kuwa kwaya haijui kufika mahali kimyakimya, wakaanza wimbo wa kumshukuru Mungu kwa safari. Wimbo ukaenda ubeti mmoja. Sauti ya kwanza ndiyo iliyoniona, ikanyamaza, halafu ya pili, mwisho ikabaki besi peke yake inaunguruma nyuma, mpaka nayo ikachungulia.

Mama mkwe akasimama. Akaliangalia lile sinki. Halafu, maana heshima ni heshima, akainama kidogo, akaanza kupiga viganja taratibu vile Waha wanavyosalimia, akasema, "Mwidiwe."

Salamu ile inajibiwa kwa kupiga viganja. Viganja vyangu vilikuwa vimeshika choo. Nikawaza nilitue, lakini nikiliweka chini mbele ya mama mkwe ni kama namkaribisha akae. Nikawaza nikimbie ndani, bukta imechanika nyuma. Nikabaki nimesimama nalo nikapiga goti moja, nikajibu, "Mwidiwe, mama," na kwa kukosa cha kupiga nikawa nagongagonga sinki kwa vidole. Likalia ko ko ko. Mzee Bilali anasema hapo ndipo alipomsamehe Mungu kwa kumzeesha, kwa kuwa amemfikisha siku ile.

"Choo kiko wapi?" akauliza mama mkwe. Hakuniuliza mimi, aliuliza hewani, kwa kuwa Editha hayupo wa kupitishia maneno.

Wanakwaya wakaanza kubadilisha miguu, huu unapumzika ule unasimamia, na mwimbaji mmoja mnene akaniambia kwa sauti ndogo, "Ndugu, tumetoka Kibondo bila kusimama."

Choo cha karibu kilikuwa cha Mama Zawadi. Mama Zawadi yuleyule, amekaa juu ya tofali za lililokuwa jiko lake, mikono kiunoni. Nikamwendea. Nikasema jirani yangu, dada yangu, mlezi wa mwanangu, nina mama mkwe na kwaya nzima. Akanitazama, akalitazama basi, akalitazama jiko lake. "Choo changu kipo nyuma," akasema, "ambako mita zako hazikufika. Waje. Lakini maji ya kumwagia utachota wewe."

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu, kwamba foleni ikapangwa kuanzia nyuma ya nyumba ya Mama Zawadi mpaka barabarani, sare za kwaya mbele na nyuma, na mimi napita na ndoo, najaza, narudi, najaza, na kwa heshima ya umri wakamtanguliza mama mkwe mbele, lakini kabla hajaingia ikabidi kwanza mimi niingie na ndoo ya maji. Akawa amesimama kwenye foleni ya choo nyuma ya mkwe wake. Kitu kilekile alichokikataa miaka yote. Nililiona usoni mwake kwamba amelikumbuka, na mimi nililikumbuka, na nilitamani lile greda liwake linizike palepale.

Kumbe mwenyekiti wa mtaa, kwa kuzisikia nyundo, alikuwa amempigia simu Bi Joyce. Pikipiki ikaja, akashuka, akatazama mtaa huku na huku, paa la baraza chini, jiko chini, choo chini, foleni ya watu waliovaa sare moja.

"Nani amewaambia mbomoe?"

Niliwahi kusikia watu wakisema kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hiyo vilikuwa vidole vya mtaa mzima, na vyote vilinielekea mimi na ndoo yangu.

Bi Joyce hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alichukua futikamba yangu mwenyewe, akaenda mpaka katikati kabisa ya barabara, akasimama pale. "Mita kumi ni upana wa hifadhi yote," akasema, taratibu, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Inaanzia hapa katikati. Mita tano upande huu, mita tano upande ule. Hilo ndilo nililokuwa nataka kulieleza siku ile." Akaivuta kamba upande wetu. Ikavuka ukingo, ikavuka mtaro, ikagusa ngazi ya chini ya duka la Mzee Bilali, ikaishia hapo. Jiko la Mama Zawadi lilikuwa mbali nayo. Choo changu kilikuwa na nafasi ya kupita mtu na baiskeli yake.

"Na wewe, Mwalimu," akaendelea, "una kibali. Choo hiki kimo kwenye ramani tuliyokupitishia. Maana ya kibali ni kwamba umbali huu tulishaupima kabla hujajenga. Ulikuwa na jibu ndani ya nyumba."

Juu ya televisheni, kwenye fremu.

"Halafu kibali cha kubomoa kiko wapi?"

"Hata kubomoa kuna kibali?" Ilinitoka tu.

"Kungekuwa na muda wa maswali," Bi Joyce akasema, "ningewaambia."

Mama Zawadi akarudi kukaa juu ya tofali zake. Wakati huo mama mkwe ametoka chooni, amenawa, amesimama na fimbo yake, na mwenyekiti, katika kumweleza mgeni kisa kilivyoanza, akasema mkutano ulikatishwa kwa sababu Mwalimu aliinuka kutoa shukrani.

Mama mkwe akanigeukia. Mimi mwenyewe, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Mukwe wanje," akasema, "ulimshukuru mtu kwa jambo ambalo bado hujalisikia?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Yewe!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili, Mama Zawadi akamwangalia kwa hasira, halafu naye mabega yakaanza kumtikisika, kwaya ikafuata kwa sauti zote nne, na Mzee Bilali akalazimika kukaa kwenye bati zake. Nilicheka pia, mwishoni, ingawa nilikuwa na machozi, na sidhani yalikuwa ya kicheko.

Nilidhani atapanda basi arudi na kwaya. Editha alipofika jioni na kukuta mahali pa choo pana shimo na mama yake ameketi pembeni anampakata Stefa, alimwuliza mama yake kama anataka kurudi Busunzu. "Nilikuja kuona choo," bibi akamjibu. "Siwezi kurudi kuwaambia watu nimeona tofali. Nitakaa mpaka kisimame." Akatoa na amri ya ujenzi, na haikuhitaji muhuri: kwanza jiko la Mama Zawadi, kwa kuwa ndiye mwenye choo, halafu baraza ya Mzee Bilali, halafu cha kwake. Nikaandika kwa Bi Joyce kueleza tulichobomoa na tunachotaka kurudisha, akaja akakagua, akaruhusu kila kitu kirudi palepale kilipokuwa, isipokuwa ile ngazi ya duka. Kila siku nikitoka shule navua shati nabeba tofali, mama mkwe ameweka kiti chake kwa Mama Zawadi, wanamenya maharage na kunisimamia. Wawili wale wakashibana hivi kwamba choo kilipokamilika, marumaru zote na komeo lake, mama mkwe alikiingia mara moja kwa heshima yangu, akakisifia, halafu akaendelea kwenda kwa Mama Zawadi kwa sababu ya mazungumzo.

Siku tunakizindua, mwenyekiti kwa mazoea akasema sasa tumwombe Mwalimu atupe neno la shukrani. Watu wote wakaguna. Mimi nikainuka, nikamwangalia Bi Joyce, ambaye tulimwalika, nikasema, "Kwanza, kuna mwenye swali?" nikakaa. Wanasema ndiyo hotuba yangu bora.

Majuzi simu ikaita kutoka Busunzu. Siku hizi mama mkwe ananipigia mimi moja kwa moja, maneno hayapitii tena kwa Editha, na kila akipiga, kabla ya salamu, ananiuliza, "Mukwe wanje, zinaanzia wapi?" na mimi lazima nijibu, "Katikati ya barabara, mama." Safari hii alikuwa na habari. Watu wa mipango walikuwa wamefika na kwao kueleza barabara, na kwa kuwa ni bibi mkubwa akaombwa ainuke ashukuru.

"Ukasemaje, mama?"

"Nikawaambia, nionyesheni kwa miguu yenu zinaanzia wapi. Wakaenda kusimama katikati. Nikamwuliza na huyo jirani yangu anayelia kuhusu zizi lake, umeona? Akasema ameona. Ndipo nikashukuru. Hakuna kilichobomolewa, baba. Nimewaambia mukwe wanje ndiye aliyenifundisha."